Magarasa ya Mwalimu Tabea

Kufundisha watoto sitini wa darasa la pili, wenye njaa na kamasi, kulikuwa nafuu kuliko kumfundisha Baba Irine majina ya ndege. Hilo Mwalimu Tabea alikuwa tayari kuliapia. Watoto angalau walimwogopa. Elieza, mumewe, akifunguliwa picha alikuwa anaitikia "ndiyo" mara mbili, na ya tatu inakuwa mkoromo.

Na muda wa kukoroma haukuwepo. Kiwanda cha mjini alikokuwa akiendesha lori kilikuwa kimepunguza watu. Kahawa iliyokuwa nyuma ya nyumba yao pale Maji ya Chai ilikuwa inapangiwa bei na wanunuzi binafsi kadiri walivyoamka, na mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua. Ndipo ikasikika habari kwamba Mama Catherine, mfanyabiashara wa Kichaga mwenye ofisi Tengeru, amenunua Land Rover mbili kuukuu na anatafuta madereva wa kupeleka watalii kwenye maziwa ya Momela. Leseni Elieza alikuwa nayo. Kiingereza cha kuombea maji alikuwa nacho.

"Tatizo ni ndege," Mama Catherine alimwambia. "Wageni wangu ni wazee wa watu, simba walishamwona zamani. Wanakuja kuangalia ndege. Kajifunze, uje Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Akampa bunda la fotokopi za picha za ndege zenye maelezo. Akampa bunda lingine Prosper, rafiki yake Elieza, ambaye naye alikuwa ameachishwa kiwandani siku ileile.

Wiki ya kwanza Tabea alifundisha kwa picha zile na fimbo ya kuelekezea, hakuna lililoingia. Siku moja alirudi kutoka shule akawakuta wote wawili barazani wanacheza karata, arubastini, picha za ndege zimewekewa jiwe zisipeperuke. Elieza alikuwa anamsimulia Prosper mchezo wa jana yake, karata kwa karata, nani alitupa nini na nani alikula nini. Mtu ambaye asubuhi ile alishindwa kumtofautisha korongo na heroe! Hasira zilimpanda Tabea. Halafu, kabla hajafungua mdomo, akakumbuka visoda.

Darasani kwake watoto walijifunza kujumlisha kwa visoda vya soda, wakishindana kuvisogeza kwenye miraba iliyochorwa chini. Mtoto anayelia akiona hesabu ubaoni hakuwahi kulia mbele ya visoda. Kama dawa hiyo inawafaa wa miaka minane, alijiambia, itamfaa na huyu wa arobaini, maana tofauti yenyewe siioni.

Akanyang'anya karata. Akapika gundi ya unga wa ngano, akakata picha, akabandika. Ree zote, zenye pointi kumi na moja, wakawa tai wa aina nne. Saba, zenye pointi kumi, wakawa makorongo. Wazungu, zile karata zenye picha za watu, wakawa heroe, hondohondo na wakubwa wengine. Karata zilizobaki, zile zisizo na pointi ambazo wachezaji huziita magarasa, akazibandika ndege wadogo: mnana, chozi, shorewanda, kurumbiza, na wenzao. Sheria ikawa moja tu. Hutupi karata kabla hujataja jina la ndege kwa Kiingereza na jambo moja linalomhusu. Ukikosea, mwenzako anakula.

Dawa ilifanya kazi kupita kiasi. Sasa wanaume wale walikuwa hawalali, hawapalilii, hawakati majani ya ng'ombe. Prosper alikuwa anafika kabla chai haijachemka na kuondoka sukari ikiwa imekwisha. Walipiga karata mezani kwa nguvu mpaka hondohondo mmoja akabanduka mdomo. Mzee Kaanaeli, mzee wa kanisa, akaona ni wajibu wake kupita.

"Shikamoo, mzee," Tabea alimpokea kwa aibu.

"Marahaba. Mama Irine, nyumba ya Mkristo imegeuka kijiwe cha kamari?"

"Ni masomo, mzee. Wanasomea kazi."

Mzee Kaanaeli alisimama nyuma ya Elieza akiegemea fimbo yake, uso umekunjwa, tayari kukemea. Akasimama hivyo kwa muda mrefu. Alipofungua mdomo, alisema, "Usimtoe huyo tai sasa, we kijana. Saba ya turufu haijatoka bado." Tabea aliingia jikoni akafunga mlango.

Na ilikuwa jikoni humo alimokosea. Alikuwa ameinamia moshi, ugali unataka kuungua, Prosper akapaza sauti kutoka barazani: "Shemeji! Hii sheria inachelewesha mchezo. Magarasa hayana pointi, ni mengi, ya nini kuyataja majina? Tuyatupe tu."

"Ndege wote watajwe!" alijibu.

"Shemeji, tutakesha hapa."

"Mama Irine, kweli," Elieza naye akadakia, "tuwatupe tu hawa wadogo."

Aliwaza sukari. Aliwaza watu hawa kubaki barazani kwake saa nzima zaidi kwa ajili ya shorewanda. "Haya, haya! Fanyeni mnavyotaka, mradi mmalize mniondokee hapo!"

Jumamosi ilipofika, Tabea alikwenda nao Tengeru, kwa kisingizio cha soko. Mama Catherine alimkaribisha kiti kwenye baraza ya ofisi yake, na usaili ukafanyika mbele ya macho yake. Picha za wakubwa ziliulizwa kwanza, na majibu yalitoka mbio. Elieza alimtaja tai mpaka anavyopiga mbizi hewani. Prosper alieleza heroe anapata wapi rangi yake. Mama Catherine alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, na Tabea akaanza kuhesabu moyoni viatu vya shule vya Irine.

Kisha Mama Catherine akafunika kitabu chake cha picha. "Sasa tuache picha." Akaelekeza kidole kwenye mgomba uliokuwa uani, ambako ndege mdogo wa manjano, mwenye kichwa cheusi, alikuwa anachana jani kwa kelele. "Yule ni nani, kwa Kiingereza?"

Mnana. Hakuna mtoto wa Kimeru asiyemjua, maana huwa anaichana migomba ya kila mtu. Elieza alimtazama. Akatazama paa, akatazama viatu vyake, akamtazama Prosper, ambaye naye alikuwa anatazama viatu.

"Yule, mama..." Elieza alisema kwa sauti ya chini. "Yule ni garasa."

"Ni nani?"

"Hana pointi, mama."

Tabea alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kiti.

"Bwana Elieza," alisema Mama Catherine taratibu, "hapa kwangu tai atapita saa ngapi?" Akaonyesha waya, ukuta, mparachichi. Kila mahali palikuwa na ndege wadogo na hakuna aliyejulikana jina. "Wageni wangu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama huyo asiye na pointi. Wanafika Jumanne. Nawapa hadi Jumatatu asubuhi, kwa heshima ya Mwalimu hapa. Mkishindwa, nawaita wengine."

Tabea alivumilia mpaka walipoachana na Prosper. Wakiwa wawili tu njiani, alilipuka. Alisema habari ya gundi na unga wake wa ngano. Alisema habari ya sukari. "Mnana, Baba Irine! Mnana! Anakula migomba yako mwenyewe, kila asubuhi unamrushia mawe, unashindwa kumtaja jina?"

"Hatukuwa tunawataja," alisema Elieza. "Uliruhusu."

Kweli ile ilimkera kuliko uongo. "Hata kama niliruhusu! Hukuwa na akili ya kujua kwamba na hao ni ndege?"

"Siku ile kiwandani," alisema Elieza, "walitukusanya uwanjani wakasoma majina ya wanaoachishwa. Wakaanza na mameneja, mmoja mmoja, na shukrani juu. Wakaja wahasibu. Walipofika kwa madereva, yule bwana alitazama saa yake, akasema, 'Na wengineo.' Akakunja karatasi. Miaka kumi na minne, Mama Irine. Sikusikia jina langu."

Alikuwa hajawahi kumwambia hilo. Tabea alimwonea huruma mumewe, na huruma ile ikamtia hasira upya, safari hii juu yake mwenyewe.

Jumapili, walipotoka kanisani, alizipiga karata mezani kabla Prosper hajakaa vizuri. "Sheria mpya. Turufu haichaguliwi tena. Turufu ni ndege wadogo, wote, siku zote. Mdogo yeyote anamla ree yeyote. Ila hamli kitu kabla hajatajwa jina na habari zake mbili."

"Mbili?" Prosper aliguna. "Shemeji, hiyo siyo arubastini tena."

"Basi nenda kwenu ukacheze arubastini."

Prosper akakaa. Na Tabea naye akakaa, akagawiwa karata, ili mtu asimdanganye tena kutoka barazani. Mzee Kaanaeli akavuta kigoda, akidai anapumzisha mguu. Jua lilipoelekea kuzama, Tabea alikuwa ameshika tai mkononi na pointi za kutosha kuwafunga midomo. Akamtupa tai kwa kishindo.

Elieza aliweka mnana juu yake. Akataja jina la Kiingereza bila kusita. "Dume ndiye anayejenga kiota, kwa vipande vya jani la mgomba," alisema. "Hiyo moja. Ya pili: akimaliza, jike huja kukagua. Asiporidhika, dume hubomoa na kuanza upya, wala hachoki."

"Anachoka," alisema Tabea. "Kula karata yako."

Jumatatu asubuhi alikuwa ubaoni anaandika hesabu, moyo hauko hapo, mara darasa zima likasimama. "Shikamoo, baba!" Elieza alikuwa mlangoni na koti la kuazima kwa Prosper, vumbi mpaka magotini.

"Baba Irine, ndiyo nini kunivurugia darasa?"

"Tumepata wote wawili. Prosper kabaki kujaza mafuta gari." Alivua kofia. "Mama Catherine aliniuliza majina yangu. Nikamwambia Elieza. Akasema hapana, yote matatu, ayaandike kwenye mlango wa gari ili wageni wajue wanaendeshwa na nani."

"Vizuri," alisema Tabea. "Sasa nenda ukakate majani, ng'ombe hajala tangu jana."

Akageukia ubao, akaendelea kuandika hesabu ileile aliyokuwa ameshaiandika, mpaka watoto wakaanza kucheka.