Onja Wewe Kwanza

Kalondu hakumpenda mke wa mwanawe tangu siku ya kwanza, na hakujisumbua kulificha hilo. Wangui alikuwa binti wa Kinuthia, mwenye duka la mbao na misumari kule Kibwezi, na kosa lake kubwa lilikuwa kutozaliwa Mkamba. Basi chakula kilipoanza kumkwama mwanawe, Nzioka, kooni, mama mtu hakwenda mbali kutafuta mbaya wake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," aliwaambia akina mama wa kanisa pale Kathonzweni, nao wakaguna.

Hali ya Nzioka ilitisha kweli. Alitafuna tonge moja mpaka wenzake wakamaliza sahani, akalisukuma kwa maji, kisha akashika kifua. Alikonda hata mshipi ukaongezwa tundu. Sasa, tangu zamani anayempa mtu kinywaji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Kalondu akaileta desturi hiyo hadi meza ya mwanawe. Kila jioni alivuka boma, akaketi, akamkazia Wangui macho.

"Onja wewe kwanza."

Wangui alionja. Alimeza, akafungua mdomo uonekane mtupu, huku mumewe akitazama sufuria. Kisha Nzioka akala, na chakula kikakwama vilevile.

Mtu mwingine angesema basi, si sumu. Kalondu alisema mwanamke huyu amejikinga kwa dawa.

Akatwaa upishi yeye mwenyewe. Ng'ombe wake, yuleyule aliyewapa maziwa ya chai siku zote, alitoa maziwa mazito, na kuanzia asubuhi kilikuwa kikombe juu ya kikombe: maziwa ya moto, maziwa ya kibuyu, uji wa maziwa. Hakuna aliyemwambia mama aonje. Nzioka akazidi kuharibika, na Kalondu hakukosa la kusema: sumu ya zamani bado imo mwilini.

"Huyu akikaa hapa, mwanangu, nitakuzika," alisema mbele ya wote wawili.

Wangui alimngoja mumewe aseme neno. Nzioka aliinamisha kichwa. Wangui akafunga nguo zake, akarudi kwa babake.

Jumapili moja, kwenye chakula cha kanisa, nyama ikakwama kabisa. Hata mate hayakupita. Wakamkimbiza Nairobi, ambako daktari alimteremshia mpira wenye kamera, akaitoa ile nyama, akakata na kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya koo kwenda kupima.

"Ni nani alimlisha sumu?" Kalondu aliuliza majibu yalipotoka.

"Hakuna sumu, mama. Hii ni aleji. Kuna mtu hufura macho, mwingine huwashwa ngozi. Huyu wako inamshika kwenye njia ya chakula. Imefura miaka mingi mpaka njia ikakakamaa, ikawa nyembamba. Akiwa mtoto hakuwa na pumu?"

Alikuwa nayo. Kalondu hakupenda daktari alivyojua.

Maradhi hayo hayaishi, daktari alisema, ila hutulizwa. Nzioka aache maziwa, ngano na mayai, kisha arudishiwe kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane. Asipopata nafuu atapewa dawa ya pumu, ile ya kupuliza, lakini aimeze. Dawa ya kifua, imezwe? Kalondu akaamini huyu naye kanunuliwa na Kinuthia.

Ila Nzioka alikula isyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, wiki baada ya wiki bila kushika kifua. Kalondu alimkalia karibu, akingoja daktari aumbuke. Ngano ikarudishwa, kukawa shwari. Mayai pia. Maziwa yaliporudi, koo likafunga. Kalondu mwenyewe ndiye aliyekama, akachemsha, akamimina. Alitafuta mwingine wa kumshuku, akamkosa, akalia kwa uchungu.

Kesho yake alikwenda Kibwezi, akamkuta Wangui uani akipepeta mahindi.

"Ni maziwa," Kalondu akasema. "Maziwa yangu. Si wewe. Nisamehe, mwanangu."

Wangui hakuacha kupepeta. "Na kama daktari hangesema?"

"Ningekuwa bado nakuita muuaji."

"Angalau hunidanganyi, Mama." Akaweka ungo chini. "Wewe hukunipenda, na nilijua. Nimekusamehe. Lakini yule aliyeniambia ananipenda, yeye yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Amenituma nije nikuchukue."

"Hata hilo amekutuma wewe," Wangui akasema, akauchukua ungo wake tena.