Mdomo wa Kuazima

Dada alifika kwenye karakana ya samani asubuhi ile akiwa amekwisha kutumika. Hospitali daktari alimwomba dakika moja tu amweleze mama mmoja kiziwi namna ya kumeza dawa zake, na hiyo dakika ikala saa nzima. Getini, anatoka, akapigiwa simu na mwanasheria aliyepata namba yake kwa rafiki wa rafiki. "Dada yangu, wewe ni mtu wa watu, hutaniangusha." Hakumwangusha. Alimtafsiria mteja wake kiziwi papo hapo kwa simu ya video, simu kaiegemeza ukutani, yeye kasimama juani anapunga mikono. Walinzi wa geti walidhani anagombana na ukuta.

Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, na wa aina yake mji mzima walikuwa wachache mno. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa kila mara: nikikataa mimi, nani atawasemea? Kwa hiyo "sawa" yake ilimtoka hata kabla mtu hajamaliza kuomba. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba, na siku hizi aliamka na vidole vimekufa ganzi, akabaki kitandani anavikunjakunja mpaka virudi.

Lakini hii ya karakana hakuombwa na mtu. Ilikuwa ya mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kiziwi tangu utotoni, na fundi seremala. Mtaani walimwita Randa, kwa kuwa hata akikaa tu kiganja chake kilipita juu ya meza kama anailainisha. Karakana nyingine zote zenye mashine zilikwisha kumkataa. Mtu asiyesikia, walisema, atajikata. Ilibaki hii. Leo Randa alikuja na kiti alichokiunda mwenyewe, na mwenye karakana, ambaye wote walimwita Bosi, alikigeuza juu chini, akakikalia, akajitikisa kwa nguvu.

"Hakilii," Bosi akasema.

Dada akatafsiri kwa mikono. Randa akajibu, na Dada akampa Bosi sauti ya jibu hilo: "Mimi sijui kama kinalia au hakilii, Bosi. Ila nikikishika nahisi kimetulia."

"Wewe ndiye uliyekiunda?" Bosi akamuuliza Dada.

"Hapana, huyo 'mimi' ni yeye."

Ndivyo kazi ile ilivyo. Mkalimani hasemi "amesema hivi na hivi". Husema "mimi", na hiyo "mimi" ni ya mwingine. Dada alikuwa ameizoea mno. Kuna siku mama yao alimuuliza anataka kula nini, akageuka nyuma kumtafuta anayeulizwa.

Bosi alikipigapiga kiti begani, kama mtu. "Kijana ana mkono. Aanze Jumatatu."

Dada alipumua.

"Ila sasa," Bosi akaendelea, "mimi na mafundi wangu hayo mambo ya vidole hatuyajui. Wewe utakuja naye. Asubuhi nikigawa kazi uwepo, jioni tukikagua uwepo. Jumamosi tuna kikao. Si mdogo wako huyu? Au unataka kumtelekeza kwetu kama kifaranga?"

Mafundi wakacheka. Dada akatafsiri yote, hata kifaranga, na huku mdomo umekwisha kujipanga kusema sawa. Kichwani alikuwa tayari anahamisha watu: wa hospitali aende mchana, wa mahakamani ampigie alfajiri, yeye mwenyewe alale akipata nafasi.

Randa hakumsubiri. Mikono yake ilisema: Hapana. Dada yangu hatakuja. Amechoka. Kazi nichoreeni kwenye ubao, alama nyingine nitawafundisha mimi.

Chumba kizima kilimtazama Dada. Kati yao hakuna aliyeelewa hata alama moja. Kazi ya mdogo wake ilikuwa imekaa kwenye ncha ya ulimi wake, na Bosi alikuwa ameanza kutazama mlangoni.

"Amesema anashukuru sana," Dada akasema. "Na kwamba nitakuwa naku..."

Randa akapiga meza kwa kiganja. Midomo ya watu wengine aliibahatisha tu. Ya dada yake ndiyo aliyojifunzia kusoma.

Hayo si maneno yangu, akasema kwa mikono, polepole. Wewe hujawahi kunibadilishia maneno.

Angekuwa amekasirika ingekuwa nafuu. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Dada akamgeukia Bosi. "Samahani, Bosi. Nimetafsiri vibaya, naanza upya." Akavuta pumzi. "Hapana. Dada yangu hatakuja. Amechoka." Akamtazama Randa, akaendelea. "Kazi nichoreeni kwenye ubao. Alama nyingine nitawafundisha mimi."

Bosi akakunja mikono kifuani. "Haya. Na hayo ni maneno yake, au yako?"

Angeweza kusema "yake". Ingekuwa kweli tupu, na lawama yote ingebaki kwa Randa. Dada akainua mikono yake mizito, ili mdogo wake asipitwe na lolote, akasema kwa mdomo na kwa vidole kwa pamoja:

"Ni yake. Na mimi, mimi huyu hapa, nasema hivyo hivyo. Sitakuja."

"Unajua kwamba naweza kumwacha?"

"Najua." Alijua kweli.

Fundi wa msumeno akajikuna shingo. "Bosi, kwani sisi wenyewe tunasikilizana humu? Mashine zikiwaka si tunaonyeshana vidole kutwa nzima kama wendawazimu?"

"Nani kakuuliza wewe?" Lakini Bosi alikuwa anakitazama kiti. "Mwezi mmoja," akasema mwishowe. "Wa kujaribu. Tusipoelewana nisilaumiwe na mtu."

Dada akatafsiri. Randa akainamisha kichwa kwa shukrani, akaomba chaki, akaenda ubaoni kumchorea fundi wa msumeno alama ya "simama". Fundi akaijaribu, akaikosea. Akarudia.

Walipotoka nje, Randa alimuuliza dada yake kama amekasirika.

Mikono inauma, Dada akajibu. Niulize kesho.

Randa akacheka, akatia mikono mfukoni, maana kwao huko ndiko kunyamaza. Wakatembea kuelekea nyumbani. Mara moja tu alitoa mkono mmoja kutaka kusema kitu, akamwangalia dada yake usoni, akaurudisha.