Mgongo wa Mdiria

"Yuko pale, kwenye tawi lililoinamia maji," askari wa hifadhi alinong'ona, kisha akarudi nyuma kuwaita wageni wengine waliochelewa njiani.

Fundi akaipachika darubini machoni. Giza. Giza lile lile alilolizoea tangu alipoolewa na Mzee, mwanamume huyu mwenye wazimu wa ndege.

Siku nyingine angesema, "Loo, mzuri kweli," Mzee angefurahi, nao wangerudi zao nyumbani kunywa chai. Hivyo ndivyo alivyowasifia korongo, bundi na tai, bila kumwona hata mmoja. Aliuhesabu kuwa uongo mdogo wa ndoa, sawa na Mzee alivyosifia kila gauni lililotoka kwenye cherehani yake, hata lile lililokataliwa na mteja.

Lakini leo mambo yalikuwa mengine. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari hakutaka kuahidi kitu kuhusu upasuaji. Mdiria huyu, mvuvi mdogo wa mdomo mrefu, hupita kwenye bwawa hili msimu mmoja tu, na kila mwaka Mzee alimkosa: mara mvua, mara zamu kazini, mara harusi ya shemeji. Leo alikuja kumwona kwa macho ya mkewe. Alikuwa amevaa hata shati la kutokea.

"Niambie basi, Fundi," alisema. Alimwita hivyo tangu uchumba. "Mgongo wake una rangi gani?"

Fundi akaishikilia darubini pale pale. Angeweza kutaja rangi yoyote, nani angembishia? Na Mzee angeibeba rangi hiyo ya uongo maisha yake yote. Hapo moyo ukamgoma.

"Mzee, sioni kitu."

"Subiri kidogo, labda amesogea."

"Sijawahi kuona kitu. Si leo, si siku ile ya tai. Humu ndani mna giza tupu. Nilikuwa nakudanganya."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Miaka yote hiyo," Mzee akasema taratibu, "alfajiri zote zile, na umande ule, ulikuwa unafuata nini huku?"

"Nilikuwa namfuata mtu. Ndege walikuwa wako."

Mzee akakohoa, akajifanya anafuta pua. Kisha akanyoosha mikono, akapapasa uso wa mkewe na darubini iliyokuwa juu yake.

"Mbona umefumba jicho moja?"

"Si kama ninapotunga uzi kwenye sindano?"

"Fumbua yote mawili." Vidole vyake vikapima nafasi kati ya macho yale, halafu akaguna. "Kumbe kosa ni langu. Nimeiacha kwa kipimo changu siku zote, na uso wangu mimi ni sinia." Akaikunja darubini katikati, mirija yake miwili ikasogeleana.

"Kumbe inapunguzwa?"

"Kama suruali. Na wewe hukuuliza."

"Na wewe hukunipima."

Ghafla giza likafunguka. Matete. Maji. Tawi, na juu yake kitu kidogo kilichojaa uhai. Fundi akaukamata mkono wa mumewe.

"Mgongo ni bluu," akasema, "lakini si bluu ya sare za shule. Ni ile ya satini, ukiigeuza kidogo kwenye mwanga inakuwa kijani. Kifua ni rangi ya chungwa. Na pale zinapokutana, Mzee, hakuna mshono. Hakuna mshono kabisa."

"Mdomo?"

"Mweusi, mrefu kumshinda mwenyewe."

Mdiria akajitupa majini, akaibuka na kitu kinachometameta, akapotelea kwenye matete.

"Bado yupo?"

Tawi lilikuwa linatikisika, halina kitu. "Ameondoka," Fundi akasema.

Nyuma yao sauti za wageni zilikuwa zinakaribia. Mzee alibaki ameuelekeza uso wake majini, macho ameyafumba.

"Rudia," akasema. "Usiende mbio."

Na Fundi, bila kuishusha darubini, akaanza tena na mgongo.