Swali la Kumi na Saba

Mwaka wa 1971 Ishmael Nyangate alirudi Riombati, kilima alikozaliwa baba yake na babu yake, upande wa Nyamira. Alikuwa na miaka ishirini na sita, digrii ya sosholojia kutoka Nairobi, na fomu mia mbili zilizokuwa bado zinanuka wino wa stenseli. Wazee walimwita profesa kabla hajawa hata mwalimu. Mama yake alichinja kuku, akapika obokima, ugali mweusi wa wimbi, akakaa kando kumtazama akila.

Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi kuieleza. Daktari Marion, mwanamke mmoja Mwingereza, mrefu, alikuwa amekodi nyumba ya matofali chini ya kilima cha Nyanchwa, mjini Kisii, akaifanya ofisi. Alikuwa na Landrova moja ya kliniki, muuguzi mmoja, na chanjo za kutosha vilima vinne au vitano tu. Alitaka kujua watoto wanakufa zaidi wapi, ili gari liende huko kwanza. Aliajiri vijana wasomi, akamgawia kila mmoja vilima vyake, na akawapa onyo moja.

"Fomu yenye pengo nitairudisha," alisema. "Ikija na pengo mara ya pili, aliyeileta asirudi."

Maswali yalikuwa arobaini na mawili. La kumi na saba liliuliza: umezaa watoto wangapi ambao sasa hawapo, na kila mmoja alifariki akiwa na umri gani? Pale ofisini, kwa Kiingereza, Ishmael alilisoma akaona ni swali kama mengine.

Nyumba ya tatu aliyoingia ilikuwa ya Kemuma, mke wa Onchiri, ndugu mdogo wa baba yake. Alimkuta uani akigeuzageuza maua ya pareto yaliyoanikwa juu ya mkeka, kwa kuwa mvua ya alasiri ilikuwa haijaanza. Kemuma alifuta mikono, akamletea kigoda na kibuyu cha uji.

"Kwa hiyo serikali imekutuma kwetu," alisema akicheka.

"Si serikali, mama mdogo. Ni daktari. Anataka kuwasaidia watoto."

"Basi uliza."

Akauliza juu ya shamba, juu ya kisima, juu ya ng'ombe. Kemuma alijibu yote bila haraka. Alipoulizwa watoto alio nao, aliwataja kwa majina mmoja mmoja, na wa kwanza wao alikuwa msichana aitwaye Nyanchera. Ishmael aliandika: Nyanchera, miaka kumi na tisa. Kisha akageuza ukurasa, akakutana na swali la kumi na saba, akalitafsiri kimoyomoyo kwa Kigusii.

Wagusii wana kitu wanachokiita chinsoni. Ni heshima na ni aibu, vyote kwa pamoja, na hukaa kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mtoto na kila aliye rika la mzazi wake. Mbele ya mama yako mdogo hutamki neno linalogusa kitanda au uzazi. Kumuuliza amezaa mara ngapi ni sawa na kuingia chumbani kwake. Na watoto waliozikwa nyuma ya nyumba hawahesabiwi kwa sauti, sembuse mbele ya kijana aliyebebwa mgongoni na mwanamke huyo huyo.

"Kuna lingine?" Kemuma aliuliza.

"Hakuna, mama mdogo. Tumemaliza."

Aliaga. Alipofika kwenye chemchemi chini ya kilima alikaa juu ya jiwe, akatoa kibao chake cha kuandikia. Akaandika sifuri. Ilikuwa sifuri nzuri, ya mviringo kamili, naye akajiambia kwamba huenda ni kweli, kwani hajawahi kusikia msiba wa mtoto pale kwa Onchiri.

Siku ya kwanza moyo ulimgonga. Siku ya tano haukugonga tena. Wake za ndugu zake na wanawake wa rika lake aliwauliza vizuri, wakajibu, wengine wakilia. Lakini kwa kila mama wa rika la mama yake aliruka swali, akalijaza njiani. Fomu ya mama yake mzazi aliijaza yote mezani, bila kumwambia, maana aliona anaijua nyumba yao: watoto sita, wote hai, yeye kifungua mimba. Nyumba alizozijaza hivyo zilikuwa thelathini na moja.

Matokeo yalipojumlishwa, Riombati ilitokea kuwa kilima chenye vifo vichache kuliko vyote. Upande wa Ogembo, ambako maswali yaliulizwa na mwanamke, vifo vilikuwa vingi ajabu. Landrova ikapelekwa Ogembo.

Daktari Marion alimwita Ishmael ofisini. "Mna nini kule kwenu?" aliuliza, macho yakimng'aa. "Wanawake wa Riombati wanafanya nini ambacho wengine hawafanyi?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikieleza habari za maziwa, ndizi, maji ya kuchemsha, na usafi uliofundishwa kanisani. Ilieleza vizuri sana. Daktari akamwambia aandike. Akaandika, akaenda kuyasoma mkutanoni Dar es Salaam, watu wakapiga makofi, na mwaka uliofuata akaandikishwa kwa shahada ya udaktari. Mada yake ilikuwa kilima ambacho watoto hawafi.

Surua iliingia Riombati mwezi wa sita mwaka wa 1974. Ishmael alikuwa Nairobi akiandika sura ya nne. Barua ya baba yake ilikuwa ya mistari michache: watoto kumi na mmoja wamezikwa kati ya Sabato mbili, mmoja wao ni wa Nyanchera, aliyekuwa ameachika na kurudi kwa Kemuma. Uje.

Hakwenda. Alituma rambirambi, akaandika kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Mitihani kweli ilikuwepo, lakini hiyo haikuwa sababu. Usiku na mchana aliiona ile sifuri ya kwanza.

Desemba ilimbidi aende ofisini Kisii kuthibitisha hesabu za tasnifu yake. Alimkuta Drusilla, muuguzi wa Landrova, mwanamke wa Ogembo mwenye mvi na sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa amezitoa fomu za Riombati kabatini, amezitandaza juu ya meza.

"Ishmael, njoo unisomee hii," alisema. "Hapa umeandika nini?"

"Nyanchera, Sista."

"Na hapa?"

Drusilla akaweka kidole chini ya ile sifuri.

"Mimi si msomi," alisema. "Lakini mimi ni Mgusii. Mtoto haitwi Nyanchera hivi hivi. Mama akizika wa kwanza, akazika wa pili, huyu anayefuata hulazwa njiani, apite mtu amwokote, ili kifo kidhani si wa nyumba ile. Ndiyo maana anaitwa wa njiani. Hata mtoto wa shule anajua. Wewe ulikuwa hujui?"

"Nilijua."

"Basi huyu mama alikwambia hajawahi kuzika?"

Ishmael alifungua mdomo. "Ndiyo," alisema. "Alisema hakuna."

Drusilla alimtazama, kisha akaanza kuzipanga fomu zake taratibu. "Vizuri. Kesho nitaenda kumuuliza mimi, nimwambie Ishmael amesema hivyo."

Drusilla alikuwa ameshafika mlangoni pale Ishmael aliposema, "Sista, usiende. Sikumuuliza."

Alipolisema la kwanza, mengine yalifuata. Alimweleza habari ya jiwe la chemchemini, na zile nyumba thelathini na moja. Alitaja chinsoni. Drusilla alisikiliza mpaka mwisho.

"Chinsoni naijua," alisema. "Lakini mimi umenidanganya kwa chinsoni gani? Maana mimi si mama yako mdogo. Ni sasa hivi, hapa mezani."

Ishmael alizipokea fomu mikononi mwake, akatoka.

Kwa Daktari Marion alikwenda peke yake. Alisimama, ingawa kiti kilikuwepo, akasema kwa Kiingereza kile alichomwambia Drusilla. Kwa Kiingereza kilikuwa kifupi zaidi, na kibaya zaidi.

"Ngapi?" aliuliza daktari.

"Thelathini na moja."

"Na zile nyingine?"

"Nyingine niliuliza, daktari. Naapa niliuliza."

"Nitajuaje?" alisema yule mwanamke, na hakusema kwa hasira. Alikuwa anataka kujua kweli. "Niambie, Ishmael. Nitajuaje?"

Siku hiyo hiyo Ishmael aliandika barua Nairobi kuiondoa tasnifu yake. Nafasi ya uhadhiri aliyokuwa ameahidiwa ilikwenda nayo. Kwa baba yake alisema tu kwamba masomo yamesimama. Mzee alidhani karo imekosekana, akataka kuuza ng'ombe. Ikabidi amweleze. Baba yake alisikiliza, akainuka, akatoka nje kutazama mvua. Tangu siku hiyo hakumwita tena profesa, wala hakumruhusu mtu mwingine amwite hivyo mbele yake.

Kilichobaki kilikuwa nyumba ya Kemuma. Alizunguka siku tatu akitafuta mtu wa kumsindikiza, maana hata kuomba msamaha kulikuwa na chinsoni yake. Mwishowe alikwenda na Drusilla. Kemuma aliwaketisha chini ya ukingo wa paa. Nyanchera alipita na mtungi, akawaamkia kwa sauti ndogo, akaendelea. Ishmael aliinamisha macho, akasema.

Kemuma alimfuata Nyanchera kwa macho mpaka akapotea nyuma ya nyumba.

"Ungeniuliza siku ile," alisema, "ningekufukuza. Ningemwambia mama yako mtoto wake amepotea huko shuleni."

"Najua, mama mdogo."

"Kwa hiyo kutouliza hukukosea. Ulilelewa vizuri." Alikunja kanga magotini. "Lakini chinsoni ni ya mdomo. Haiko kwenye kalamu. Ungepaacha patupu. Huyo daktari wako angeona patupu, angesema, hapa kuna kitu, angetuma mwanamke. Wewe ukaandika kwamba sikuzika mtu."

"Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Eeh," alisema Kemuma. Akamgeukia Drusilla. "Wewe niulize. Yeye aende akakae kule kwenye kahawa."

Ishmael alikwenda kukaa kwenye kahawa. Hakusikia maneno, ila aliona vidole vya Kemuma vikifunguka kimoja kimoja, mpaka vinne.

Drusilla aliwachukua bibi wawili wa kilima kile, wazee ambao hawakuwa na wa kumwonea haya, wakazirudia zile nyumba thelathini na moja. Ishmael hakuruhusiwa kupiga hodi popote. Kazi yake ilikuwa kukaa ofisini na kuingiza majibu kwenye daftari. Fomu moja Drusilla aliiweka kando, kifudifudi.

"Hii usiisome wewe," alisema. "Nitaiingiza mimi."

Hakuisoma. Lakini alijumlisha zile alizoziandika kwa mkono wake, akapata watoto hamsini na watano. Jumla ya Drusilla, chini ya ukurasa, ilikuwa hamsini na wanane. Alikaa akiitazama tofauti ile: watatu, wa fomu ya mama yake; wa baada yake angewakumbuka. Miaka yote alijua yeye ndiye kifungua mimba, na kumbe mama yake alikuwa amezika watatu kabla yake, naye aliijaza fomu ile mezani pake huku mama akimmiminia chai. Jioni alipofika nyumbani alimsaidia kuingiza kuni jikoni. Hakumwambia kitu. Mama naye hakumwambia kitu, ila alimwongezea mboga bila kuombwa.

Daktari Marion alichapisha ripoti mpya. Ishmael mwenyewe aliandika aya inayoeleza jinsi hesabu ya kwanza ilivyopatikana, akaweka jina lake. Daktari aliisoma, akasema anaweza kuliondoa jina akitaka. Ishmael akasema liachwe. Wenzake wa chuo waliisoma huko Nairobi na Dar, na wawili watatu wakamwandikia. Wengine wakaacha kumwandikia.

Landrova ilianza kupanda Riombati kila Jumanne kuanzia mwaka wa 1976. Ilisimama uwanja wa kanisa. Drusilla alichoma sindano, na Ishmael, aliyebakizwa kama karani, alikaa kwenye meza ndogo kuandika kadi. Wanawake walikuja na watoto mgongoni, wakatoa majina, naye akaandika. Mahali asipopewa jibu alichora mstari mfupi na kumuuliza Drusilla baadaye.

Jumanne moja Kemuma alikuja na mtoto mwingine wa Nyanchera, wa miezi minane, amefungwa shuka jipya. Foleni ilikuwa ndefu. Alipofika mbele alimsalimia Ishmael, akamuuliza hali ya mama yake, akajibiwa. Kisha akachukua kadi tupu mezani, akampita, akampa Drusilla mkononi, akamtajia jina la mtoto kwa sauti ya chini. Ishmael alibaki na kalamu hewani, akaishusha, akamwita mama aliyefuata.