Kiti cha Kapteni Soro

Asubuhi ya karama, Kaltumu aliosha mchele, akazoa majivu jikoni, kisha akapanga uani viti vyote alivyotengeneza mumewe, fundi Tahiru, seremala wa Arua mzaliwa wa Koboko. Watu walikuwa wanakuja kula, kuomba dua na kukumbuka maisha yake. Maiti haikuwapo. Askari walimchukua Tahiru tangu mvua za mwisho, na kambi ilisema hakuna aliyemchukua: amekwenda Juba kununua mbao. Arua yenyewe ilikuwa na mbao hadi mchwa wamevimbiwa.

Hapo ndipo Kaltumu alipokwama. Sheikh Umaru alimweleza kwa upole kwamba mke wa msafiri hakai eda. Naye hakutaka makubwa. Alitaka aambiwe mumewe amelala wapi, akamtoe, aoshwe, azikwe, na yeye alie kama wajane wengine.

Tahiru alikuwa fundi kwelikweli. Kabla ya kugusa msumeno alimpima mteja mguu, toka goti hadi kisigino, akisema kwamba mtu ambaye nyayo zake hazigusi chini haketi kwa amani. Viti vyake havikulia wala kuyumba. Vilikuwa na tabia moja tu: aliyeketi akisema uongo, kiti kilididimia ardhini, akisema kweli, kilipanda. Mji ulishazoea. Ofisi nyingi ziliagiza viti vyao Kampala.

Sasa huyu Kapteni Soro wa kambini, mtu mfupi mwenye cheo kirefu, aliagiza kiti kinachozidi kwa urefu kile cha mkubwa wake. Tahiru akampima, akamwambia mbele ya askari wake kwamba miguu itaning'inia. Hata hivyo akakitengeneza kama alivyoagizwa, maana kazi ni kazi. Siku ya kukichukua, kiti kilipakiwa nyuma ya Land Rover na fundi akapakiwa kando yake.

Kapteni huyohuyo ndiye aliyetoa ruhusa ya karama, kwa sharti kwamba naye azungumze. Alileta fahali aliyekuwa bado anatafutwa na mwenyewe huko Dranya. Alileta na kiti chake, kimebebwa na askari wawili, akapanda juu yake na kuketi, miguu hewani.

Mazungumzo yalianza vizuri. Mzee Andama, mkulima wa Adumi na mjomba wa marehemu, alisema Tahiru alipenda kuimba akipiga randa, na aliimba vibaya mno. Kiti cha mzee kikapanda kidogo. Jirani yao Driciru akasema hajawahi kugombana na Tahiru hata mara moja, na magoti yake yakamfika kidevuni.

"Haya, ile maneno ya kuku," akasema. "Ile siku tuligombana."

Kiti kikamrudisha juu. Watu wakacheka. Kaltumu naye alicheka, kisha akalia, kwa kuwa alimpenda sana mwanamume yule pamoja na nyimbo zake mbovu.

Ikafika zamu ya Kapteni.

"Tahiru iko rafiki yangu kabisa," alisema. Kiti kikashuka, na kwa mara ya kwanza nyayo zake zikagusa chini. "Yeye nakwenda Juba kwa miguu yake. Hakuna mutu alimupiga."

Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za kupigwa. Ardhi ikapisha, akazama hadi kiunoni. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakutaja kwamba inaelekea chini. Wanawake waliendelea kugawa wali, na sahani yake wakamwekea juu ya mchanga, pale mkono wake ulipoweza kufika.

"Nyuma ya kambi hakuna kitu," aliongeza Kapteni, na udongo ukamfika mabegani.

Mzee Andama aliona haya kwa niaba yake. "Afande, sema kweli moja tu, kiti napanda. Sisi yote nafanya hivyo."

Kaltumu akachuchumaa karibu na kile kichwa chenye kofia. "Afande, mimi sitaki kesi. Nambie tu pahali iko. Nataka kumuzika."

Kapteni alimtazama. Wote waliona neno likimpanda kooni. Mdomo ukafunguka, na kiti, kwa kutumaini, kikapanda upana wa kidole. Kisha akalimeza.

"Lete majembe," aliwaambia askari.

Wakulima wa Adumi wakachimba, askari wakasimamia. Kapteni alitolewa mzima. Kiti kikabaki chini, hakuna aliyeweza kuking'oa. Kapteni akajikung'uta vumbi, akachungulia shimo. Lilikuwa limechimbwa kwa ustadi.

"Mama, wewe kila siku nalia kaburi, kaburi," alisema. "Sasa kaburi iko. Fukieni."

Wakafukia. Sheikh Umaru alinong'ona kwamba shimo halikuelekea kibla, na askari mmoja akamuuliza kama anataka kuingia alinyooshe. Sheikh akaona kwamba, ukilitazama vizuri, lilielekea.

Jumatatu kambi ilitangaza kwamba fundi Tahiru alirudi kutoka Juba, akaugua, akafa, akazikwa kwa heshima zote. Kapteni Soro akawa Meja, kwa sifa ya kushuka hadi kwa wananchi. Watu walikuja kutoka Koboko na Midia kutoa pole, wakasimama uani na kukisomea kiti Fatiha. Kwa kuwa sasa kaburi lilikuwapo, Sheikh Umaru alimruhusu Kaltumu kukaa eda.

Kaltumu akakaa eda. Alivaa nguo za mjane, akapokea pole za kila aliyeingia, akajibu "amina" pale ilipopaswa. Na Tahiru wake, huko nyuma ya kambi, hakuna aliyekuwa amemwosha.