Kete Chini ya Kanga

Baba yangu, Mzee Borafya, alikuwa bingwa wa keramu, ule mchezo wa kupiga kete kwa kidole ubaoni, katika mtaa wetu mzima wa Miembeni, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Mwaka sabini na mbili nilipata nafasi ya kwenda Ujerumani kusoma kemia, na kilichobaki ni yeye kusema ndiyo. Akasema hapana.

"Kitu hakionekani kwa jicho, utakisoma vipi?"

Nilichemka. Jumapili nikamleta mwalimu wangu, Bi Ruqaya wa mtaa wa pili, aliyesomea huko huko. Akampa baba shikamoo yake, akakaa, akaeleza taratibu. Gesi mbili hupulizwa ndani ya sanduku lililonyonywa hewa yote, kila moja kwa mkondo mwembamba, mpaka zikutane katikati. Chembe zake hugongana mbili mbili, na kinachozaliwa hapo huruka. Mtaalamu hutazama kimerukia upande gani, ndipo akajua ziligonganaje.

Baba akapiga miayo mbele ya mgeni. Niliona haya, na hasira juu yake. Nikainuka, nikauweka ubao wa keramu katikati ya ukumbi, nikaunyunyizia poda, nikapanga vikombe vinne katikati yake na kutandaza kanga juu ya vikombe, kete ziweze kupita chini.

"Baba, kaa huko. Mimi na mwalimu tutapiga kete kutoka pande mbili, zigongane chini ya kanga. Wewe utwambie zimegonganaje."

Kete zikaingia, zikalia, zikatoka. Miayo ikamkatika.

"Ya Bi Ruqaya imeguswa ubavuni tu. Si mnaona ilivyopinda kidogo? Pigeni tena."

Tukapiga.

"Hapo uso kwa uso, imerudi ilikotoka."

Akavua kofia, akasogeza kigoda. Moyo ulinidunda kwa furaha, maana sijapata kumwona akinisikiliza namna ile. Tulipopiga mara nyingine, kete yangu ikatoka inazunguka kama pia.

"Mzunguko huu imeupata wapi?" Akanyoosha mkono kufunua kanga. Nikamshika.

"Haifunuliwi, baba. Na chembe ndivyo zilivyo."

"Sasa ntajuaje?"

"Siku hizi upo mwanga unaitwa leza," Bi Ruqaya akasema. "Unaimulika chembe inapotoka, nayo inang'aa. Mng'ao wake unakwambia inazunguka kwa kasi gani, na kutoka hapo unarudi nyuma mpaka kwenye kugongana kwenyewe. Ndo kwanza wanaanza, Mzee. Mengi hawajayajua."

"Hata wao?"

"Hata wao."

Akaitazama kete, sasa imetulia. Katika vijana wa mtaa wetu waliokwenda kusoma nje tangu miaka ile ya mapinduzi, hakuwa amerudi hata mmoja. Hilo hakulisema siku zote alizokuwa akinikatalia, na mimi, kwa hasira zangu, sikuliwaza.

"Mwanapili."

"Naam, baba."

"Nenda. Na ukishajua, uje unambie mwenyewe. Usimtume mtu."