Barabara Kichwani mwa Baba Mkwe

Asubuhi ile kinyozi alitakiwa kufanya jambo moja tu: kumnyoa baba mkwe wake vizuri na kuonekana mtu mwenye akili timamu. Mkewe alikuwa amerudi kwao kwa sababu ya kamari za kwenye simu, na mzee ndiye aliyetumwa kuja kuona kama mume ameacha kweli. Lakini huyu bwana, sijui akili alimwazima nani, alikuwa na mkeka mmoja hai, ubashiri wa mechi, kwenye simu mfukoni. Wa kuagia, alijiambia. Mtu anaaga kila siku, kwani anasafiri?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pembeni tu, mwanangu. Juu usiguse."

Juu hapaguswi na mtu, mtaa mzima unajua. Mzee alizipaka nywele zake rangi nyeusi na kuzichana hata akienda kulala.

"Na ile michezo?"

"Nimeachana nayo kabisa, baba," kinyozi akasema, mashine ikinguruma nyuma ya sikio la mzee.

Papo hapo simu ikatetemeka kwenye mfuko wa shati. Bao! Mwili ukaruka wenyewe, mkono ukafuata mwili, mashine ikafuata mkono, ikapanda kisogoni, ikapita utosini, ikatokea kwenye paji la uso. Ilipotulia, kichwa cha baba mkwe kilikuwa na barabara katikati.

Wakatazamana kwenye kioo. Simu ikatetemeka tena. Bao limekataliwa.

"Ni nini hicho mfukoni?"

Uongo alikuwa nao wa kutosha, wa mama mgonjwa na wa benki. Ila aliitazama ile barabara, akaona aibu. "Ni mkeka, baba. Nashindwa kuacha. Nikiufuta mchezo asubuhi, naurudisha kabla ya chai."

Mzee hakufoka. "Hao wenye kamari wana sehemu ya kujifungia usicheze tena?"

"Ipo."

"Jifungie, nikiona. Kisha piga namba ya msaada kwa wacheza kamari."

Akajifungia, akapiga. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Akauliza kama kuna ndugu karibu.

"Yupo baba mkwe. Nimemharibu kichwa."

"Kwa mawazo?"

"Kwa mashine."

Dada akakohoa kidogo, kisha akampangia kikundi cha wenzake wanaoacha kamari, kila Jumamosi. Kinyozi akajifuta machozi, akashika mashine anyoe kichwa chote, walau aibu ilingane.

"Acha hivyo hivyo," mzee akasema.

"Watu watakucheka, baba."

"Wacheke. Wakiuliza nani kaninyoa, nitawaonyesha duka."

Akatoka bila kofia. Na alionyesha kweli, sokoni, benki, kila mahali. Wateja wengine wakahama, wengine wakaja kushangaa. Kinyozi alipotamani kujaribu bahati, alichungulia mlangoni, na mara nyingi kile kichwa kilikuwa kinapita, makusudi kabisa, mwendo wa polepole. Tamaa ikamwisha. Jumamosi ikifika, anafunga duka anaenda kikundini.

Nywele nazo hazina adabu, zikaanza kuota. Mzee akawa anarudi kwenye kiti kile kile. "Ipitishe tena, inafutika." Kinyozi anaipitisha, roho inamuuma, mkono umetulia tuli.

Siku kikundi kilipomaliza vikao vyake, mzee akaja, akaketi. Kinyozi akamfunga kitambaa, akawasha mashine.

"Leo acha ziote," mzee akasema. "Na mkeo yuko hapo nje, kaja peke yake. Anasema haongozani na mimi mtaani nikiwa hivi, umrudishe nyumbani mwenyewe."